Laini ya Baba Otilia

Mwaka jana nilisafiri hadi Songea kwenye sherehe ya kumuaga Otilia, aliyekuwa anakwenda kuolewa Mbinga. Ukumbini Ruhuwiko nilikalishwa meza ya ndugu, ingawa mimi si ndugu yao hata kwa kuungaunga, na mshereheshaji alipofika na kipaza sauti akitaka kila aliyekaa pale aseme ni nani kwa bibi harusi, nilijifanya nahangaika na kizibo cha soda. Mama yake aliniokoa. Alisimama, akaweka sawa kitenge begani, akasema kwamba huyu ni Skola, alikuwa fundi wa mtandao nyumbani kwake. Ukumbi ukacheka. Ni kweli inachekesha; watu huwa na dada wa kazi, huwa na mlinzi, lakini fundi wa mtandao wa kukaa naye nyumba moja ni mambo mapya. Meza ya mbele alikaa baba mdogo wa Otilia, mzee Longino, mvi zimemjaa kichwani, na yeye hakucheka. Alinigeukia, akanipungia mkono taratibu, akarudi kwenye sahani yake ya pilau. Niliporudi nyumba ya wageni nilijikuta naukumbuka mwaka ule wote, chumba kwa chumba, na nimeona niuandike kabla sijaanza kuusahau au, kibaya zaidi, kuupamba.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi na nimepata chumba cha kupanga Mfaranyaki, kwenye nyumba ya Mama Otilia. Vyumba vilikuwa vitatu kwa mstari, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na dari. Kuta ziliishia kimo cha mlango na kidogo juu yake, halafu ni mbao na mabati, kwa hiyo neno likisemwa chumba cha kwanza lilipita juu kwa juu hadi cha mwisho bila kupungua. Mimi nilikaa cha kwanza, mwenye nyumba cha mwisho, na cha katikati ilikaa mashine ya kutotolesha vifaranga. Baba Otilia, mume wake, alikuwa seremala, na ile mashine aliitengeneza yeye mwenyewe: kabati la mninga refu kuliko mimi, milango miwili, ndani trei za mayai, balbu za kutoa joto na feni ndogo ya kulizungusha. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijahamia. Watu waliendelea kuleta mayai yao, kutoka mjini hapo hapo, kutoka Namtumbo, na mwanamke mmoja alituma yake kwa basi toka Nakapanya, yamefungwa kwenye maganda ya mpunga. Kila yai liliandikwa jina la mwenyewe kwa penseli, kwa hiyo ukifungua kabati ulikuta ukoo wa watu umelala ndani, kina Ngonyani na kina Komba, ubavu kwa ubavu. Wiki tatu baadaye wenyewe walikuja kuchukua vifaranga, na hapo majina hayakuwa na kazi tena, ilikuwa ni kuhesabiana tu na kutaniana kuhusu nani amepewa majogoo.

Sijawahi kukaa kwenye chumba kizuri kama kile cha katikati. Wanaoijua Songea ya mwezi wa Juni na wa Julai wanajua baridi yake, ile inayokufanya ulale na soksi na bado ukajikunyata. Kwenye chumba cha mashine kulikuwa na joto saa zote, harufu ya mbao na maganda, na mlio wa feni. Tulikula humo. Mama Otilia aliweka mkeka mbele ya kabati, akaleta ugali wa dona, dagaa wa Nyasa waliokaangwa na nyanya, na mayai. Mayai yalikuwa hayaishi, maana baada ya wiki moja alimulika kila yai kwa tochi ya simu, na lile lililoonekana jeupe ndani, yaani halina mbegu, alilitoa akalichemsha. Nilikula mayai yenye majina ya watu mwaka mzima. Otilia alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mama yule alikuwa mtu wa kunyamaza, mimi ni mtu wa kuongea, tukapatana vizuri. Nikiri pia kwamba napenda habari za watu. Nyumba isiyo na dari kwangu ilikuwa kama redio.

Kazi yangu ilikuwa hii. Kampuni changa ya Dar es Salaam ilikuwa inajaribu vifaa vya kupima joto na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu, na ilinipa mwaka mmoja wa majaribio Songea. Bosi wangu, Injinia Rashidi, ambaye nilimfahamu kwa sauti tu, aliniambia wazi kwamba bodi ya Songea, yaani kifaa chenyewe, ikituma vipimo vizuri watafungua ofisi na mimi nitaajiriwa. Isipotuma, nirudi kwetu. Bodi yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja, ina antena, betri ya akiba, na mahali pa kuchomeka laini kama ile ya simu. Niliifunga kwenye mashine ya Mama Otilia kwa sababu sikuona mahali pengine Songea ambapo joto lilikuwa na maana kiasi kile. Ilifanya mambo mawili. Kwa intaneti ilituma vipimo Dar kutwa nzima. Kwa meseji ya kawaida ilimwandikia Mama Otilia kila asubuhi, na wakati wowote umeme ukikatika au joto likishuka, ili akiwa sokoni au kanisani ajue arudi mbio kuweka madumu ya maji ya moto ndani ya kabati. Mwanzoni niliitungia bodi meseji ndefu ya heshima, "Habari za asubuhi mama, mashine yako inaendelea vizuri." Aliisoma, akaniomba nipunguze. Alitaka joto, halafu maneno mawili: hali nzuri. Nikafikiri ni mambo ya macho, kwamba maandishi marefu yanamchosha, nikapunguza.

Kwa wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha Injinia akapiga simu kuniambia Songea imekuwa kimya, kwenye kompyuta ya Dar hakuna kipimo hata kimoja tangu juzi. Nikaenda kwa Mama Otilia kumpa pole ya kukosa meseji, akanishangaa. Yeye meseji zilimfikia kama kawaida, tena asubuhi ile ile imefika. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Kama meseji inatoka, basi bodi inaushika mtandao. Kama inaushika mtandao, kwa nini intaneti haitoki? Nilipima nguvu ya mtandao, ikasoma vizuri. Nikahisi chaja, kwa sababu bodi hizi zikituma data huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na chaja dhaifu huziangusha zikazima na kuwaka upya, nikabadilisha chaja. Nikahisi lile kabati la mninga, nikaitoa antena nje kwa waya mrefu, nikapanda juu ya bati kuifunga. Siku hiyo alipita mzee Longino, shemeji yake Mama Otilia, mdogo wake marehemu, fundi ujenzi anayejua kupanda mapaa kwa njia ya heshima. Alisimama chini akaniuliza kama nimepoteza kuku. Nikamwamkia shikamoo huko huko juu, akaitikia marahaba, akaniambia nikanyage penye misumari nisimtobolee shemeji yake nyumba.

Wiki zilipita hivyo. Kilichonikera zaidi ni utulivu wa Mama Otilia. Kila nikimwambia bodi ni mbovu alijibu kwa upole kwamba kwake inafika, na alisema hivyo na kitu usoni ambacho leo nakiita furaha lakini siku zile nilikiita kiburi. Injinia alianza kuongea nami kwa kifupi, dalili mbaya kwa mtu aliyependa kuongea. Mwishowe, nikiwa nimeketi kwenye mkeka na kompyuta mapajani, nikaiandikia bodi swali ambalo sikuwa nimewahi kuiuliza, kwa sababu nani anauliza swali ambalo jibu lake analo? Nikaiuliza imeshika mnara wa kampuni gani. Ikanijibu. Haikuwa kampuni ya laini niliyochomeka mimi.

Nilifungua kifuniko. Ndani ilikuwamo laini nyingine kabisa, ya zamani, ya zile kubwa, imekatwa kwa mkasi ili ienee, ukingo mmoja umepinda kama kucha iliyokatwa na mtoto. Mama Otilia alikuwa mlangoni na ungo wa majani ya maboga. Hakunisubiri nimuulize.

"Ni ya Baba Otilia," akasema.

Akaketi, akaendelea kumenya nyuzi za majani huku akinieleza, hakuniangalia. Matanga yalipomalizika ndugu walikaa kugawana vitu vya marehemu, kama desturi ilivyo: koti kwa huyu, randa na misumeno kwa yule, na simu akapewa mdogo wake, Longino. Kabla ya kikao yeye aliitoa laini ndani ya simu akaificha. Akajaribu kuiweka kwenye simu yake, hakuvumilia. Kila siku alipiga mtu wa mbali asiye na habari, akitaka kuongea na fundi, na kila siku yeye ndiye aliyelazimika kumwambia fundi hayupo tena duniani. Akaitoa. Lakini aliwahi kusikia kwamba laini isiyotumika hufungwa, na namba ikauzwa kwa mtu mwingine, na wazo hilo lilimnyima raha. Kisha siku moja kwenye chakula, mimi na mdomo wangu, nilikuwa nimemweleza kwamba laini ikiwa ndani ya bodi inahesabika inatumika, kwa sababu kila siku inatuma. Kesho yake nilipokwenda mjini aliibadilisha. Ile ya kampuni aliifunga kwenye kipande cha khanga akaiweka kwenye kabati lake la nguo pamoja na vyeti vya Otilia, isipotee. Vocha ya meseji aliiongeza mwenyewe. Nilipoona simu yake nikaelewa. Mtumaji wa zile meseji hakuwa namba. Alikuwa jina: Baba Otilia. Joto 37.6. Hali nzuri.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilikuwa nimepanda bati, nimenunua chaja, nimegombana na mtu wa Dar ambaye sijawahi kumwona. Nilifungua mdomo niseme, nikamwona anavyoishika ile simu, kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kikombe cha chai ya moto. Nikamuuliza tu kama marehemu alikuwa anamwandikia mara kwa mara. Akasema ndiyo, alipokuwa kwenye kazi za mbali, lakini hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiandika kwamba amefika na hali nzuri, basi, hata alipokuwa na homa. Akacheka kidogo aliposema hilo la homa. Mimi niliingia chumbani kwangu nikalia, bila kujua hasa namlilia nani, maana yule bwana hata sura yake nilikuwa naijua kwa picha ya ukutani tu.

Tangu mwaka ule, kifaa kikigoma, popote nilipo, swali langu la kwanza si kwamba kimeharibika wapi. Nauliza nani amekigusa, na alikuwa anatafuta nini. Vijana ninaofanya nao kazi sasa wanaona ni mtindo wangu wa ajabu. Wengi wao wanaamini mashine huharibika zenyewe.

Nilimpigia Injinia Rashidi nikamweleza ukweli wote. Nilitegemea aniambie nirudishe laini yetu mara moja. Nikasikia honi za magari ya Dar nyuma yake, kisha akasema yeye anachotaka ni vipimo, laini ni ya nani si kazi yake. Kilichobaki kilikuwa chepesi. Kila kampuni ya simu ina jina lake la njia ya kutokea kwenda intaneti, na bodi ilikuwa bado inatumia jina la kampuni ya kwanza, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyokwisha hama. Nikaliandika jina sahihi, nikanunua bando, na kabla sijasimama Dar wakanitumia habari kwamba Songea imeamka.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko yote. Baridi iliingia, mkeka ukawa haukunjwi, vifaranga vya kina Komba vikatoka vingi kuliko vya kina Ngonyani na utani wake ukafika hadi kanisani. Ila mambo ya Mfaranyaki hayakai ndani. Mama Otilia alimweleza mama mmoja wa jumuiya ya kanisani, yule akamweleza mwingine, na Jumapili moja nikiwa kitandani nilimsikia mzee Longino chumba cha mwisho, sauti ya chini lakini ya kuumia. Alimuuliza shemeji yake kwa nini hamwachi kaka yake akapumzika, kwa nini anamwita kila asubuhi. Mama Otilia akajibu kwamba hamwiti, ni mume wake ndiye anayemtafuta. Kisha nikasikia vikombe vikirudishwa kwenye sinia. Tangu siku hiyo Longino akawa anapita barabarani bila kuingia.

Ilikuwa asubuhi ya jua, mvua za kwanza hazijaanza, nilipoiona taa ya bodi. Bodi ikishika mtandao taa yake hukonyeza polepole. Ikitafuta bila kupata hukonyeza harakaharaka, na hiyo ndiyo niliyoikuta. Safari hii nilianza na laini. Niliitoa, nikasugua kibati chake cha rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikaweka kipande cha karatasi nyuma yake ili ikae imebana. Ikakataa. Nikachomeka ya kampuni, ikashika mnara palepale. Nikaweka ya Baba Otilia kwenye simu yangu, ikaandika hakuna huduma. Kwa hiyo antena nzima, chaja nzima, mnara mzima. Ni laini yenyewe iliyofungiwa nje. Tulikwenda wote wawili hadi duka la kampuni ya simu mjini. Dada wa pale alitazama kompyuta yake, akatueleza kwamba laini zote zinasajiliwa upya kwa alama za vidole, na ambazo hazijasajiliwa zinazimwa. Mwenyewe aje aweke kidole. Mama Otilia akamwambia mwenyewe alishafariki. Yule dada akasema pole, na akasema kwa dhati, akatuelekeza: familia inaweza kuirithi namba, waje na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema laini apewe nani. Wasichelewe tu, kwa sababu namba iliyozimwa haikai muda mrefu kabla haijapewa mteja mpya.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akasema jambo moja tu: "Siku moja nitaipiga, atapokea mtu mwingine." Niliirudisha bodini laini ya kampuni. Kwa mayai hapakuwa na tofauti yoyote, meseji zilifika vilevile, joto lilelile. Lakini zilitoka kwenye namba isiyo na jina, naye alizisoma kama anavyosoma namba za kuingiza kwenye mita ya umeme. Mwenyekiti wa ukoo, ambaye bila yeye hakuna kikao, alikuwa Longino.

Alikuja. Nilikuwa na hakika hatakuja, na alikuja kabla ya wote, Jumapili baada ya misa, amevaa koti. Walikuwa watu wachache, shangazi mmoja, binamu wawili, mzee Longino na Mama Otilia, wameketi kwenye chumba cha mashine kwa sababu ndicho kikubwa. Tulikuwa tumechinja jogoo na kupika wali, na mimi nilikaa mlangoni na kikombe cha togwa, si wa ndani si wa nje. Longino alifungua kwa sala. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, vitu vya kaka tuligawana mbele ya watu, mimi nikapewa simu. Nilipofika nyumbani nikaifungua, nikakuta haina laini. Nilijua ni wewe. Sikusema kitu, leo nasema. Uliitaka ya nini?"

Nilitamani nimjibie Mama Otilia, nikabana midomo. Yeye akafungua simu yake, akampa. Longino akavaa miwani, akaanza kusoma, na nikajua anasoma nini maana nilizitunga mimi: Joto 37.5, hali nzuri. Umeme umekatika. Umeme umerudi. Alikuwa akivuta kwa kidole, anapanda juu, miezi inarudi nyuma. Halafu kidole kikasimama. Alikuwa amefika mahali ambapo meseji za bodi zinaishia na za kaka yake zinaanza, kwenye jina lilelile, bila mpaka kati yake. Shangazi akauliza imeandikwaje. Akasoma moja kwa sauti: tumefika Namtumbo na Longino, tumeshakula, hali nzuri. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaivua tena.

"Huyu alikuwa haandiki zaidi ya mstari mmoja," akasema.

"Hakuwa anaandika," Mama Otilia akaitikia.

Akamrudishia simu. Akawaambia binamu waandike kwamba ukoo umekaa na umekubali laini iwe ya mke wa marehemu, na akaweka sahihi yake kabla ya wengine, kubwa, imetoka nje ya mstari. Tulikula wali umepoa na hakuna aliyelalamika.

Karatasi zilichukua wiki zake, serikali ya mtaa, halafu dukani, halafu urudi kesho. Siku Mama Otilia alipoweka kidole chake kwenye kile kioo kidogo nilikuwa nyuma yake, na alikibonyeza kwa nguvu mpaka yule dada akamwambia inatosha mama. Wakampa laini mpya yenye namba ileile. Tulipofika nyumbani tulimkuta Longino ameketi kwenye gunia la chakula cha vifaranga, chumba cha katikati, hakuna aliyemwalika. Nilichomeka laini mbele yao. Taa ikakonyeza haraka, haraka, nikaibana antena kwa vidole, kisha ikapoa, ikaanza kukonyeza polepole. Simu ya Mama Otilia ikalia mfukoni mwa gauni lake. Aliitazama, akaiweka kifuani, akatoka uani kwa hatua ndefu akisema ugali utaungua, na hakukuwa na ugali motoni.

Tukabaki mimi na mzee. Akanyoosha simu yake, na ilikuwa ni ile ya kaka yake, alivyoniambia mwenyewe, kioo chake kimepasuka pembeni. Akaniomba namba yake pia niiingize kwenye mashine, iwe inamwandikia na yeye. Nikaiingiza, nikaitumia meseji ya kujaribu. Ikamfikia, na juu yake pameandikwa Kaka. Aliisogeza karibu na macho. Mara akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka aonekane anakitaka:

"Binti, nikiijibu, inafika?"

Mimi ni fundi, nilimpa jibu la kifundi. Nilimwambia itafika kwenye bodi na kukaa ndani ya laini, lakini bodi haina uwezo wa kumjibu chochote.

"Sijauliza kama inajibu. Nimeuliza kama inafika."

"Inafika, baba."

Akanipa mgongo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika sana. Alifuta, akaandika tena, pumzi yake naisikia. Kompyuta yangu ilikuwa bado imeunganishwa na bodi, na muda si mrefu ukatokea mstari mmoja kwenye kioo: ujumbe mpya umeingia. Amri ya kuufungua ni fupi, vidole vyangu vinaijua bila kutazama, na kila anayenifahamu anajua nilivyo na hamu ya habari za watu. Nikachomoa waya, nikafunga kompyuta, nikatoka uani kumsaidia Mama Otilia kuwasha moto.